Kahuzi-Biega itaamuliwa kule chini

Mgeni anayekuja Bukavu, mashariki mwa Kongo, kwa ajili ya gorila wa hifadhi ya taifa ya Kahuzi-Biega huelekezwa njia moja. Anashika barabara ya Kavumu, anakata kushoto pale Miti, anapanda hadi Tshivanga, kilomita thelathini hivi kutoka mjini. Huko kuna ofisi, kuna walinzi wenye sare, kuna familia za gorila zilizozoeshwa kuona watu tangu miaka ya 1970. Anaingia msituni na waongozaji, anamkuta dume la mgongo wa fedha limekaa kwenye mianzi na watoto wake, anapiga picha, na jioni akirudi anasema ameiona Kahuzi-Biega. Sisi wenyeji tunamwitikia, maana wengi wetu hatujui nyingine.

Hajaiona. Hifadhi nzima ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 6,000, na sehemu ya milimani anayoitembelea ni 600 tu. Nyingine 5,400 ziko upande wa machweo, ng'ambo ya milima, katika msitu wa chini unaoingia Shabunda na Walikale, kwenye kimo cha mita 600 hadi 1,500. Sehemu tisa kati ya kumi za hifadhi yetu hazina watalii, hazina barabara ya maana, na kwa miaka mingi zimekuwa hazina hata mtu wa serikali anayeweza kulala huko bila hofu. Kila mkutano unaofanywa mjini kuhusu Kahuzi-Biega hugeuka kuwa mkutano kuhusu Tshivanga na vijiji vya Kabare na Kalehe vilivyo pembeni yake. Hilo ndilo kosa ninalotaka kulipinga hapa. Kahuzi-Biega itapona au itakufa kule chini, na kule chini hakuna idadi ya bunduki itakayoilinda ikiwa wenyeji wa msitu huo wataendelea kuhesabiwa kama wavamizi wa ardhi ya babu zao.

Kwanza tuseme kuna nini huko, kwa sababu ni vigumu kumwomba mtu apiganie asichokijua.

UNESCO ilipoiandika Kahuzi-Biega kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1980, haikuwa kwa ajili ya gorila peke yao. Kuna mteremko. Kutoka kilele cha Kahuzi, mita 3,308 juu ya bahari, hadi msitu wa bonde la Kongo kwenye mita 600, mimea hubadilika kidogo kidogo bila kukatika. Juu kuna mianzi na mimea ya baridi, chini yake msitu wa milimani, kisha miti mikubwa ya nchi ya joto ambayo ukisimama chini yake saa sita mchana hujui jua liko wapi. Afrika ina sehemu chache sana zenye mteremko kamili wa namna hiyo. Ndege na wanyama wanaofuata matunda yanapoiva wanauhitaji wote, juu na chini. Na katika miaka hii ya joto linaloongezeka, mimea na wanyama wa chini watahitaji pa kupandia. Ukikata mteremko katikati umeua pande zote mbili, hata kama upande mmoja bado una walinzi mlangoni.

Msitu wa chini una gorila wa Grauer, aina ileile ya wale wa Tshivanga, ambao duniani kote wanapatikana katika nchi yetu peke yake. Una sokwe, tembo wa msituni, nyati wa msituni, bongo, kakakuona, kasuku. Yumo tausi wa Kongo, ndege ambaye wawindaji wa msituni walimjua vizazi vingi kabla ya wanasayansi kumpa jina mwaka 1936. Gorila wa Tshivanga hula zaidi majani, mabua na mianzi. Wenzao wa chini hupata matunda mengi zaidi, hutembea mbali kuyafuata, na mbegu wanazomeza huziacha mbali na mti uliozizaa. Msitu unaopoteza gorila na tembo wake utaendelea kuonekana wa kijani ukiutazama kutoka ndegeni, lakini miti mikubwa inayotegemea matumbo ya wanyama hao kusambaa haitakuwa na warithi.

Sasa mpaka. Hifadhi ilitangazwa Novemba 1970, baada ya miaka ya kazi ya Mbelgiji Adrien Deschryver, ambaye alijifunza kuwafuata gorila kwa msaada wa Batwa wa misitu hiyo. Batwa haohao ndio waliofukuzwa hifadhi ilipokaa sawa, maelfu yao, bila ardhi nyingine, bila fidia. Hayo yalitokea juu na yanajulikana, ingawa yalichukua miaka mingi sana kukubaliwa. Yanayojulikana kidogo ni ya mwaka 1975. Mwaka huo hifadhi ilipanuliwa kutoka kilomita za mraba 600 hadi 6,000, kwa amri iliyotoka Kinshasa. Msitu wa chini ukaingizwa ndani kwa ukubwa wake. Vijiji vya Barega na Batembo, mashamba yao, makaburi yao, mito ya kuvulia samaki, vyote vikajikuta ndani ya mstari ambao hakuna aliyekuja kuuonyesha. Wengi hawakuhamishwa, kwa kuwa serikali haikuwa na nguvu ya kuwahamisha. Walibaki palepale, ila tangu siku ile kulima kwao, kutega kwao na hata kuwapo kwao vikawa kosa.

Narudi kwenye jambo hili kwa makusudi, kwa sababu watu wa uhifadhi hulipita haraka kama historia. Si historia. Mtu ambaye sheria inamwambia kwamba shamba la baba yake ni haramu hana sababu yoyote ya kumripoti jirani anayeleta wageni wenye sululu. Wote wawili ni wakosaji mbele ya sheria ileile, na mgeni angalau analeta chumvi na fedha. Mpaka wa 1975 uliwanyang'anya wenyeji wa msitu haki ya kuwakatalia wengine wasiingie. Ukamkabidhi haki hiyo mlinzi wa serikali, ambaye katika sehemu kubwa ya eneo hilo hakuwahi kufika.

Kisha vita vikaja. Mwaka 1994 wakimbizi waliovuka kutoka Rwanda walijaa kambini karibu na hifadhi, na miti ikaanguka kwa kuni. Mwaka 1996 vita vya kumwondoa Mobutu vilipita humo humo msituni. Mwaka 1997 UNESCO ikaiweka Kahuzi-Biega kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na haijatoka humo hadi leo. Mwaka 1998 vita vya pili. Tembo wa sehemu ya milimani waliuawa karibu wote katika miaka hiyo. Gorila wa milimani, ambao katikati ya miaka ya 1990 walikuwa karibu 250, walishuka hadi 130 hivi mwaka 2000. Na mwishoni mwa mwaka huo wa 2000 bei ya koltani ilipanda ghafla kwenye soko la dunia, kwa sababu viwanda vya simu na kompyuta vilihitaji tantali, metali inayotolewa humo. Maelfu ya watu wakaingia msitu wa chini na majembe, wengine kwa hiari ya njaa, wengine kwa amri ya wenye silaha.

Hapa kuna somo ambalo hesabu zenyewe zinalitoa, na ningependa kila anayepanga bajeti ya uhifadhi alikae nalo. Baada ya mwaka 2000 gorila wa milimani walianza kuongezeka. Hesabu moja baada ya nyingine ilionyesha familia zinapona, kwa sababu walinzi wa Tshivanga walirudi kazini hata katikati ya vita, na wengine walilipa kwa maisha yao. Lakini katika miaka ileile ambayo juu walikuwa wanapona, aina nzima ya gorila wa Grauer ilikuwa inaanguka. Katikati ya miaka ya 1990 walikadiriwa kuwa karibu 17,000. Ripoti iliyotolewa mwaka 2016 ilikadiria wamebaki 3,800, na mwaka huo huo wakatangazwa kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Mwaka 2021 watafiti walirekebisha kadirio hadi 6,800, baada ya kufika katika misitu ambayo kabla haikufikika na kutumia njia bora za kuhesabu. Wengine walifurahi kana kwamba gorila 3,000 walizaliwa kwa miaka mitano. Haiwezekani. Jike la gorila hupata mtoto wa kwanza akiwa na umri wa miaka kumi hivi, na baada ya hapo huzaa mara moja kwa miaka minne au zaidi. Kilichoongezeka ni ujuzi wetu. Hata kwa kadirio zuri zaidi, zaidi ya nusu ya gorila hawa wamepotea katika kipindi ambacho kijana wa Kadutu hapa Bukavu amezaliwa, amesoma na kuoa.

Kwa hiyo mafanikio ya Tshivanga, ambayo ni ya kweli na ninayaheshimu, hayakuiokoa aina yenyewe. Yaliokoa kundi dogo tunaloweza kulitembelea.

Gorila wa chini wanakufaje? Ni mara chache sana mtu anaondoka nyumbani akiwa na nia ya kumuua gorila. Mambo huanza na shimo. Anapatikana mtu mwenye fedha kidogo, ambaye machimboni wanamwita PDG, anaajiri vijana, wanatembea siku kadhaa msituni na mizigo kichwani hadi kwenye mto wenye mchanga mzito. Wanafyeka, wanajenga vibanda vya majani, wanachimba. Wakipata, habari zinasambaa, na baada ya miezi michache pale penye vibanda vitano pana soko, pana wauza pombe, pana kanisa, pana watu mia kadhaa wanaohitaji kula kila siku. Mbuzi hawapo. Samaki wa ziwani hafiki. Maharage yanabebwa mgongoni, au yanashushwa na ndege ndogo kwenye viwanja vya udongo kama vya Shabunda na Lulingu, na bei yake ikifika huko imeshapanda mara kadhaa. Nyama iliyo karibu ni ya pori. Wawindaji wanatandaza mitego ya waya kuzunguka kambi, na mtego wa waya hauchagui. Umewekewa paa mdogo au ngurue, lakini gorila mchanga akiingiza mkono humo, mkono unaoza. Bunduki zilizobaki kutoka vita moja hadi nyingine zinawafikia wanyama wakubwa. Na gorila, tofauti na nyani wanaokimbilia juu ya miti, hukaa chini na dume hugeuka kuilinda familia yake. Ukiliua dume, familia nzima husambaratika.

Watafiti waliowahoji wachimbaji katika machimbo ya mashariki walisikia jambo ambalo mtu yeyote wa Bukavu mwenye ndugu machimboni angewaambia. Wengi wanakula nyama ya pori kwa kukosa nyingine, wako huko kwa kukosa kazi, na wangeondoka kama wangepata kipato kingine. Sisemi hivi ili kuwatetea wanaotega. Nasema hivi kwa sababu hatua iliyozoeleka, ya kutuma wanajeshi kuwafukuza wachimbaji kwa wiki mbili kisha kuondoka, haigusi hata kimoja kati ya vitu hivyo. Mara nyingi huishia kubadilisha tu ni nani anayekusanya ushuru shimoni. Sheria ya madini ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, inakataza kuchimba ndani ya hifadhi. Iko wazi kabisa. Lakini kule Nzovu na Itebero, katika msitu wa chini, sheria hiyo imekutana na Raia Mutomboki, kundi lililozaliwa Shabunda mwaka 2005 na kufufuka mwaka 2011 kwa sababu wananchi waliona serikali haiwalindi. Wapiganaji wake wengi ni watoto wa vijiji vilevile vilivyomezwa na mpaka wa 1975.

Nataka nitende haki kwa walinzi wa hifadhi. Mshahara wao ni mdogo na huchelewa. Wamekufa kwa risasi, na wajane wao wako mitaani hapa mjini na kwenye vijiji vya Miti na Katana. Anayewadharau hajui walichofanya kati ya 1996 na 2003. Lakini mlinzi mmoja hawezi kushika makumi ya kilomita za mraba za msitu usio na njia, akiwa mgeni katika lugha ya watu wa hapo na adui katika macho yao. Kumpa bunduki kubwa zaidi hakubadilishi hesabu hiyo.

Na tumeshaona bunduki zinafanya nini. Oktoba 2018 Batwa wa upande wa Kalehe, waliochoka kusubiri ardhi waliyoahidiwa, walirudi ndani ya hifadhi. Septemba 2019 palifanyika mazungumzo makubwa hapa Bukavu, ahadi zikaandikwa, na utekelezaji ukasuasua. Yaliyofuata ni mapigano, nyumba zilizochomwa, watu waliouawa, Batwa na walinzi. Mwaka 2022 mashirika ya haki za binadamu yalitoa ripoti nzito juu ya mashambulizi yaliyofanywa na walinzi pamoja na wanajeshi dhidi ya vijiji vya Batwa. Mwaka 2024 ukatangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu: serikali ya Kongo ilivunja haki za Batwa ilipowafukuza Kahuzi-Biega, na inapaswa kuwaomba radhi, kuwalipa fidia na kuwarudishia ardhi yao.

Kuna wanaosema uamuzi huo ni hukumu ya kifo kwa msitu. Hoja yao si ya kupuuzwa. Baada ya Batwa kurudi mwaka 2018, msitu wa upande wa Kalehe ulikatwa kwa kasi, na baadhi ya viongozi wao waliingia ubia na wafanyabiashara wa makala, yaani makaa ya kupikia, na mbao na wenye silaha. Hilo lilitokea, na anayependa haki za Batwa hana sababu ya kulificha. Lakini tuangalie lilitokea katika hali gani. Watu walirudi bila hati, bila uhakika kama wataamka hapo kesho, wakizungukwa na mji wenye watu zaidi ya milioni unaopika kwa makala. Mtu asiye na uhakika na ardhi huchukua leo kile anachoweza kubeba. Hakuna aliyewapa Batwa msitu kisha wakauharibu. Waliingia kwenye msitu ambao bado ulikuwa unabishaniwa kwa risasi, na waliofaidi zaidi ni wale waliokuwa na malori.

Makala yale yalikuja Kadutu, yakaja Nyawera, yakaja kwenye majiko yetu. Mabwawa ya umeme ya Ruzizi ya kwanza na ya pili yako mlangoni mwa Bukavu, na bado mtaa unaweza kukaa siku nyingi bila umeme wa kuchemsha maharage. Mama anayenunua gunia la makala hana kosa la kumlaumu nalo. Lakini serikali za mkoa zilizofuatana, ambazo zimelia juu ya msitu kila Siku ya Mazingira bila kulifanya jiko la Bukavu kuwa suala la uhifadhi, zina la kujibu.

Turudi chini, kwa sababu huko ndiko bado kuna nafasi ya kufanya tofauti kabla damu haijamwagika kama ilivyomwagika juu. Sehemu kubwa ya gorila wa Grauer waliobaki hawaishi ndani ya hifadhi yoyote ya taifa. Wanaishi katika misitu ya vijiji kati ya Kahuzi-Biega na hifadhi ya Maiko, upande wa kaskazini. Jambo hili lingetushangaza zaidi ya linavyotushangaza sasa. Mahali ambapo serikali haikuchora mstari, ambapo mwenye ardhi wa kimila bado anajua mto upi ni wa ukoo upi, gorila wamesalia kwa wingi kuliko tulivyotarajia. Huko Nkuba, katika wilaya ya Walikale, familia zenye ardhi zimekubaliana na shirika linalobeba jina la Dian Fossey kutouza misitu yao kwa wachimbaji, na vijana wa hapo hapo ndio wanaowafuatilia gorila kila siku kwa mshahara. Hawabebi bunduki. Wanajulikana, na anayetaka kuingia anawakuta watu wenye haki ya kumkatalia.

Amri ya mwaka 2014 inairuhusu jamii ya wenyeji kupata msitu wake kisheria, hadi hekta 50,000, bila kikomo cha muda. Shirika la Strong Roots, lililoanzishwa na mtoto wa kandokando ya Kahuzi, Dominique Bikaba, limekuwa likitumia njia hiyo kuunganisha misitu ya vijiji kati ya Kahuzi-Biega na hifadhi ya Itombwe. John Kahekwa, aliyewahi kuwa mwongozaji wa watalii Tshivanga, alianzisha Pole Pole Foundation mwaka 1992 baada ya kuona kwamba mtu mwenye njaa hawezi kuambiwa apende wanyama kwanza. Kwa hiyo ujuzi upo, na upo katika mikono ya watu wa hapa. Kinachokosekana ni kuuingiza ndani ya mstari wa 1975, mahali ambapo sheria inasema mwenyeji hawezi kuwa na chochote.

Najua misitu ya jamii ina hatari zake. Mwami, chifu wa kimila, anaweza kutia sahihi peke yake kwa niaba ya watu ambao hawakuulizwa. Kibali cha madini kinaweza kutolewa Kinshasa juu ya msitu uleule ambao ofisi nyingine imewapa wanakijiji. Batwa wanaweza kuachwa nje ya mkataba ulioandikwa na majirani wao wenye nguvu zaidi, kama walivyoachwa mara nyingi. Mambo haya yanahitaji usimamizi mkali, na mkataba wowote usiotaja majina ya koo zote na haki za Batwa waziwazi usikubaliwe. Lakini tulinganishe hatari hizi na tulichonacho sasa kule chini: kilomita za mraba 5,400 ambazo kwenye karatasi ni za taifa, na ardhini ni za yeyote aliyefika na silaha wiki iliyopita.

Vita vya mwaka 2025 vimelifanya swali hili kuwa la haraka. Februari mwaka huo waasi wa M23 waliingia Kavumu, kisha Bukavu, na Tshivanga ikawa upande wao wa mstari. Shabunda ikabaki upande mwingine. Walikale ilitekwa Machi, na mwanzoni mwa Aprili M23 wakaondoka. Hifadhi moja ikawa na mabwana zaidi ya wawili, na amri zilizozoea kutoka Kinshasa kupitia Bukavu hadi Tshivanga zikakatika. Mfumo wote wa ulinzi uliotegemea ofisi moja milimani ulionekana jinsi ulivyo mwembamba. Ulinzi ulioshikwa na wanakijiji wa Nzovu wenyewe hautegemei nani anakaa kwenye jengo la gavana hapa mjini. Unaweza kutishwa, unaweza kuporwa, lakini hauondoki na msafara wa magari, kwa sababu wanaoufanya hawana kwingine pa kwenda.

Taasisi ya taifa ya uhifadhi, ICCN, na wabia wake wa WCS, shirika la kimataifa la wanyamapori, waliosaini mkataba wa kuisimamia Kahuzi-Biega pamoja mwaka 2022, wamezungumza juu ya kuheshimu haki za wenyeji. Wapimwe kwa kule chini. Waende Nzovu, Itebero na Lulingu, hali ya usalama itakaporuhusu na wakiwa na Barega, Batembo na Batwa mezani, wautembee mpaka wa 1975 kijiji kwa kijiji. Pale palipokuwa na watu kabla ya mstari, mstari usogezwe, au sehemu hiyo iitwe wazi msitu wa jamii ndani ya hifadhi, wenye masharti yaliyoandikwa: hakuna machimbo, hakuna mitego ya waya, na ajira za ufuatiliaji kwa vijana wa hapo. Pale ambapo kweli hapakuwa na mtu, na sehemu hizo ni kubwa, ulinzi mkali ubaki, na wenyeji watakuwa wa kwanza kuutaka, kwa sababu utakuwa unalinda mpaka wao pia.

Na wasianze na maskini. Kati ya sehemu ya milimani na sehemu ya chini kuna ukanda mwembamba, Nindja, ambao ndio njia pekee ya wanyama kupita kati ya juu na chini. Tangu zamani ndani ya ukanda huo watu wenye nafasi serikalini na wenye fedha walipewa hati za ardhi wasizostahili, wakakata msitu na kuweka mashamba ya ng'ombe. UNESCO imeidai serikali ifute hati hizo mwaka baada ya mwaka. Hati hizo zina majina, zina namba, zilitolewa na ofisi zinazojulikana, na kuzifuta mahakamani hakuhitaji kumshinda mpiganaji yeyote msituni. Mwanakijiji wa Lulingu anayeambiwa aache shamba lake la muhogo ana haki ya kuuliza ng'ombe wa Nindja wataondoka lini, na anastahili kupewa tarehe.